Mama Aliyekaa Mbele ya Gari Yangu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilikuja Kitengela nikiwa na suruali moja na nyundo ya mawe, wakati ambapo ukiacha barabara kuu jioni ulitembea na rungu kwa sababu ya fisi. Nimevunja mawe kwa machimbo miaka tisa. Nimeona mtu akiuziwa shamba ambalo ni barabara, akalilima na akavuna. Shule niliachia darasa la sita, na leo hao waliomaliza wanakuja kwa hardware yangu kununua misumari, nikiwauliza ya inchi ngapi wanaangalia viatu. Sasa mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Lakini tangu nirudi, benchi ya nje ya duka haikauki watu. Wengine mmesikia nilitekwa na Wamasai. Wengine mmesikia gari nimeuza. Njeri, binti yangu anayekaa kwa kaunta, amechoka kuwajibu. Kwa hivyo nimeandika mara moja, msome mpeane. Vile gari ilikodishwa na nani alipigia nani simu, hayo hayana faida, tuanzie barabarani. Na kitu kimoja kabla: jina la kisima chenyewe sitalitaja. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Kitengela hadi Isinya

Abiria walikuwa watatu. Tasha, msichana wa Nairobi ambaye kazi yake ni kuonekana kwa simu za watu. Kevo, wa kubeba kamera na droni, ile ndege ndogo yenye kelele ya nyuki. Na mgeni wao Markus, mzungu mrefu mpole, aliyekaa kiti cha nyuma magoti yakiwa karibu na masikio. Gari inaendeshwa na mimi mwenyewe. Hiyo gari ya viti saba sijawahi kumpa mtu usukani, hata shemeji yangu, na yeye ni dereva wa lori.

Hatukuwa tumemaliza kilomita tano Markus akanionyesha picha kwa simu yake. Mtu amesimama, ametupa mgongo, amevaa kofia pana. Mbele yake ng'ombe wanapita majini, vumbi limepigwa na jua mpaka limekuwa kama unga wa dhahabu.

"Huyu ni yeye?" nikamuuliza Tasha.

"Hapana, Uncle. Ni mtu mwingine tu, aliiona mtandaoni akiwa kwao."

"Sasa anataka nini?"

"Anataka hiyo."

"Kama hiyo?"

"Hiyo hiyo. Hata kofia amenunua."

Kweli alikuwa nayo kwa mapaja, mpya, bado na karatasi ya bei. Nikaendelea kuendesha. Mtu ametoka kwao na picha tayari mfukoni, amepanda ndege, na sasa anatafuta mahali pa kuingia ndani yake.

Njia ya karibu ya kwenda Magadi, kwa ziwa tulilokuwa tunaenda, mnaijua, na Isinya si hiyo. Nilipitia Isinya kwa sababu niko na ploti pale, kona, karibu na yale mahema ya plastiki ya maua, na niliona si vibaya wageni wakaona mtu aliyetoka kwa machimbo amefika wapi. Tasha akafurahi sana. Akanisimamisha kwa geti, nikaonyesha ua, nikaonyesha mahali ghorofa itasimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie nikitembea. Mara ya tatu akasema, "Uncle, sasa simama kando kidogo," na akapiga ua peke yake, na wingu. Kumbe lililokuwa linatakikana ni wingu.

Saa nzima iliishia hapo, injini ikinguruma, kwa sababu Kevo alikuwa anachaji betri za droni kwa gari. Hiyo injini kumbukeni. Haikuzimwa siku nzima.

Isinya hadi Kona Baridi

Ile barabara ya kutoka Isinya kwenda Kiserian imenyooka, na ukiwa na akili unaiendesha ukiwa na amani. Sisi tulisimama mara sita. Mara punda milia, mara mti mmoja uko peke yake. Mara ya nne Markus alilala katikati ya lami, mikono ameitanua, Kevo akampandishia droni juu.

Lori la kondoo likaja. Dereva akapunguza, akatoa kichwa.

"Mzee, huyo mzungu wako amekufa ama amepumzika?"

"Anapigwa picha."

"Sawa. Akimaliza kufa mtoe barabarani, kondoo wana haraka."

Nilicheka. Mara ya tano sikucheka tena.

Kona Baridi upepo ulitupokea kama tuna makosa. Pale mahali pa kuangalia bonde kuna jiwe moja, na watu walikuwa wamepanga foleni ya kusimama juu yake. Nilikaa kwa boneti ya gari nikiwaangalia. Kila mtu akifika kwa jiwe anasimama vile vile: mkono mmoja kwa nywele, uso umegeuzwa upande kama mtu ameitwa. Bonde lote lile limelala chini yetu, na walio kwa foleni hawakuliangalia. Waliangalia simu ya aliyetangulia, wajue amesimama namna gani.

Kisha nyama. Niliagiza mbavu za mbuzi, kachumbari na ugali, na nikasema nalipa mimi, kwa sababu nikiwa mezani mgeni halipi. Ubao ukaja nyama ikitoa moshi. Nikanyoosha mkono.

"Uncle, usiguse."

Mkono ukabaki hewani. Kevo akapanda juu ya kiti. Pilipili ikahamishwa kushoto. Chumvi ikarudishwa. Markus akaambiwa ashike mbavu karibu na mdomo lakini asiume. Mama wa hoteli akaja na maji ya kunawa, akasimama, akatuangalia mpaka akachoka.

"Kwani mnaiombea?" akaniuliza.

"Mama, hata mimi ningekuwa nimesema amina zamani."

Tulipoila, mafuta yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa. Tasha alikula vipande viwili akasema ameshiba.

Kona Baridi kuteremka

Kutoka pale barabara inaenda chini tu, na kila kona unaacha nguo moja. Mimi nilivua sweta, nikavua shati la juu, na jasho bado likaingia kwa macho. Mguu wa breki ulikuwa umechoka, mgongo umechoka. Mshale wa mafuta nao ulikuwa umeteremka kuliko sisi. Nilisema, "Tunaharakisha tufike ziwani, tuweke mafuta, nipumzike." Tasha alikuwa anahesabu jua. Mtu wa kusali hakumbuki saa vile yule msichana alikuwa anakumbuka jua. Saa kumi na moja na nusu lazima Markus awe amesimama majini.

Saa kumi hivi, Markus akapiga kelele kwa nyuma nikadhani ameumwa na kitu. Alikuwa anaonyesha upande. Mbali kidogo na barabara, vumbi, na ndani ya vumbi ng'ombe, na mbele yao maji yanang'aa.

Nikakata kona.

Kisimani

Kilikuwa kisima cha mashine. Kuna kibanda cha mabati chenye injini ya dizeli, na birika refu la simiti la kunyweshea. Mashine inalindwa na mtu anaitwa Parmuat, mfupi, mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Utaratibu wenyewe alinieleza baadaye, nikiwa tayari nimeuvunja, lakini nyinyi nawaeleza sasa. Kila boma liko na zamu yake. Siku ya zamu yako unakuja na dizeli yako, Parmuat anaimwaga kwa injini, maji yanatoka, ng'ombe wako wanakunywa. Dizeli ikiisha, umeisha. Ukikosa, zamu nyingine ni baada ya siku mbili.

Tulipofika, jamaa mmoja kwa jina Lemayian alikuwa amemaliza na ng'ombe wake wanatoka. Nyuma yake, kando, alisimama mama mzee, fimbo ameilaza mabegani, ng'ombe wake wako nyuma yake kimya. Huyo ni Mama Simaloi. Parmuat alikuwa anamimina mtungi wa mwisho wa dizeli kwa injini.

"Uncle," Tasha akasema, "mwambie huyo arudishe ng'ombe wapite tena. Markus hakuwa amevaa kofia."

Nikaenda kwa Lemayian. "Sopa."

"Ipa."

"Kijana, rudisha ng'ombe wapite hapo majini mara moja."

"Wangu wamekunywa, mzee. Sasa ni zamu ya yule mama."

"Ni dakika tano."

"Ng'ombe haijui dakika tano. Ikiona maji inakunywa."

Nikatoa noti ya elfu moja. Mimi nikitoa pesa sitoi nikijificha, naitoa watu wakiona. Lemayian akaiangalia, akamwangalia mama, akaangalia chini, halafu akapiga mluzi.

Wakarudi. Mara ya kwanza kofia ilipeperuka. Mara ya pili kulikuwa na punda ndani ya picha. Mara ya tatu ndiyo ikakubali, na kila mara ng'ombe wa Lemayian walikunywa, wakakanyaga ukingo, maji yakamwagika chini yakawa matope. Mama Simaloi akaongea na Parmuat kwa Kimaasai, polepole.

Parmuat akaniletea maneno yake. "Mama anasema dizeli iliyo kwa mashine ni yake."

"Mwambie tunamaliza."

"Mwambie ataonekana na watu wengi sana," Tasha akaongeza.

Parmuat akamwambia. Mama akauliza kitu kifupi, na Parmuat akacheka kabla hajatutafsiria. "Anauliza hao watu wengi wako na maji."

Wakati huo huo Kevo akarusha droni.

Sijui kama mmewahi kuona ng'ombe wasioijua hiyo kelele. Wale wa mama walikuwa wamesimama siku mbili bila maji, wametulia kama watu kanisani, na droni ilipowapitia juu wakapasuka. Hawakukimbia upande mmoja wote pamoja. Kila mmoja alienda njia yake, kwenye vichaka, kwenye mawe, mama nyuma yao na ile fimbo, Lemayian na Parmuat nyuma ya mama. Hata mimi nilikimbia, na tumbo hili. Ng'ombe mmoja mwekundu tulimfuata mpaka pafu langu likawa linapiga filimbi.

Kibandani mashine ilikuwa inaendelea peke yake. Maji yalijaa birika, yakafurika, yakaenda mchangani. Tulipokuwa tunarudi na wa mwisho tukaisikia ikikohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Ng'ombe wa mama wakafika kwa birika. Walioingia kwanza walimaliza yaliyobaki, waliobaki wakalamba simiti.

Mbele ya gari

Sasa hapa ndipo mmesikia nilitekwa. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyepaza sauti. Mama Simaloi alikuja mpaka mbele ya gari yangu, akatandika shuka yake chini, karibu na taa, akakaa. Fimbo akaiweka kwa magoti. Basi.

Tasha akaangalia jua. Likawa limeshuka kidole kimoja. Wakati huo gari ya wageni wengine ikasimama pale barabarani, inaelekea ziwani, nayo imejaa kamera. Akakimbia akaongea nao, akarudi.

"Uncle, tukikosa jua tumekosa siku. Kuna nafasi tatu. Tutakutana huko."

"Na huyu mama?"

"Wewe unajua kuongea na wao, Uncle."

Markus alisema pole. Alisema mara nyingi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na uso wake ulikuwa unasema ukweli. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda, na kofia ilikuwa kichwani.

Nikabaki na mlango wazi, nusu ya mwili ndani, nusu nje. Mama akaniangalia.

"Wewe hujaenda na wenzako," akasema. Kiswahili alikuwa nacho siku zote.

"Gari ni yangu, mama. Umeikalia njia."

"Hata maji ilikuwa yangu."

Nyinyi wa benchi mnajua maji ya Kitengela. Lakini hamjui hii, sijawahi kuiongea. Mwaka ule Njeri alikuwa bado tumboni, mama yake alipanga mitungi miwili kwa foleni tangu alfajiri. Alipofika mbele, tajiri mmoja akaja na pikapu yenye tangi, akampa mwenye bomba kitu mkononi, akajaza. Bomba likakauka. Mama Njeri akarudi nyumbani na mitungi inagongana, mitupu. Huyo mtu nilimtukana miaka mingi. Nilikuwa na uso wake kichwani mpaka ile siku, pale kisimani, nikajaribu kuukumbuka, nikaona noti ya elfu moja tu, na mkono wangu.

Gari yangu inatumia dizeli.

"Parmuat," nikasema, "leta mpira na mtungi."

Aliyetoka kwa machimbo hafundishwi kunyonya mafuta. Nilipiga magoti, nikatia mpira, nikavuta, dizeli ikanijaa mdomo nikaitema kando. Mshale ulikuwa tayari karibu na mstari mwekundu. Parmuat aliuona kupitia dirisha.

"Mzee, hii ukitoa hautapanda mlima."

"Najua."

"Hata kona ya kwanza."

"Parmuat, mimi nimekuuliza?"

Nikaanza kuhesabu ng'ombe wa mama nijue lita ngapi zitatosha. Mmoja, wawili, watatu. Fimbo ikanigonga begani, si kwa nguvu.

"Ng'ombe ya mtu haihesabiwi," mama akasema. "Weka mafuta mpaka wainue kichwa wenyewe."

Tukaweka. Mashine ikashika. Maji yakaja kwanza kahawia, halafu meupe, na ng'ombe wakapanga vichwa kwa birika kutoka mwisho huu hadi ule. Hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ya kumeza. Yule mwekundu aliyenitoa pafu alikuwa wa mwisho, na alikunywa muda mrefu kuliko wote. Jua lilikuwa limefika pale Tasha alikuwa analitaka. Vumbi limekuwa dhahabu. Kila kitu kilikuwa kama kwa simu ya Markus, na Markus hakuwepo.

Mama akaja akasimama kando yangu. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwa mafuta.

"Sasa piga," akasema.

"Nipige nini?"

"Picha. Si mlikuwa mnataka ng'ombe wakikunywa? Wale wa kwanza walikuwa wanafukuzwa tu. Hawa ndio wanakunywa."

Nikafuta vidole kwa suruali, nikatoa simu.

"Mia mbili," akasema.

Nikamwangalia. Hakuwa anacheka, ama alikuwa anacheka mahali sikuona. Nikampa mia mbili. Akaifunga kwa kona ya shuka, akarudi kusimama na ng'ombe wake, na nikapiga.

Kurudi

Usiku nililala kwa gari, hakuna la kusimulia. Asubuhi Mama Simaloi aliniletea chai ya maziwa kwa kikombe cha bati, na habari. Kamati ya kisima imekaa. Faini ya kuruka zamu ni mbuzi. Lemayian ametoa wake, na ile noti yangu ameipeleka kwa mama bila kuambiwa. Mimi nilitaka kulipa kwa simu. Walikataa, faini ni mbuzi. Mbuzi wa karibu alikuwa wa nani? Wa mama. Kwa hivyo nikanunua mbuzi kwa Mama Simaloi, nikampeleka kwa kamati, na kwa kamati akapokelewa na watu watano, mmoja wao Mama Simaloi. Nimefanya biashara miaka ishirini na sijawahi kuona mtu akisimama vizuri hivyo pande zote mbili za kaunta. Nilimwambia. Akasema, "Ashe," yaani asante, akaniongezea chai.

Parmuat alituma pikipiki mpaka juu, ikarudi mchana na mtungi wa dizeli na bei ya kuongezwa njiani. Nilipanda mlima polepole, dirisha wazi, mdomo bado na ladha ya mafuta. Kona Baridi sikusimama. Foleni ya jiwe ilikuwa bado iko.

Video ya Tasha mmeiona, wengine mmenitumia mimi mwenyewe, mkiniuliza kama huyo ni mzungu wangu. Ni nzuri. Ng'ombe wa Lemayian wanapita kama wako kwa sherehe, wamekunywa mara nne. Chini watu wameandika wapelekwe, na Tasha amewaambia waulize mzee wa hardware wa Kitengela. Simu haijapumzika. Ningeweza kupeleka gari mbili kila Jumamosi, na mnanijua mimi ni mtu wa biashara, nilishaanza hata kufikiria viti. Lakini kila nikitaka kumwambia mtu "ndio, njoo," naiona ile shuka imetandikwa mbele ya taa. Nawaambia barabara ni mbaya.

Picha yangu iko kwa simu. Ina migongo ya ng'ombe, ncha ya fimbo, na alama ya kidole changu cha mafuta kwa kona. Sijaiweka mahali, na atakayeniuliza ni kisima gani atanunua misumari yake aende.

Mmeuliza ilinigharimu ngapi. Juu ya nauli waliyonilipa, na nyama iliyoganda ikiwa ndani, noti ya Lemayian ndani, mbuzi, pikipiki, mtungi wa dizeli, na ile mia mbili ya picha ambayo ndiyo peke yake sijutii: shilingi elfu kumi na saba na hamsini.